Aliyemtangaza Mamba kwa Mzaha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yunis Mugeta amesimama juu ya mwamba wa ufukweni, kata ya Suguti, Musoma Vijijini. Ameshika kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wanawake tisa wanateremka ziwani na ndoo zao.

"Mamba yupo. Ameonekana hapa siku ya Jumanne. Usiingie majini. Chota kwa kopo la mpini mrefu."

"Mama Gody, leo hutuchekeshi?" anamtania jirani yake, Bhoke.

"Sichekeshi. Toa mguu majini, Bhoke."

Yunis, mwenye miaka 43, amenadi bidhaa kwa miaka kumi na minane katika minada ya Bunda na Butiama. Siku njema humpatia shilingi elfu kumi na mbili, nazo huzipata kwa kuyapamba maneno.

"Sufuria nilikuwaga naiita bibi harusi," anasema. "Sato namwambia mteja huyu katoka ziwani na barua ya mwaliko. Mtu akishacheka, mkono umeingia mfukoni."

Februari mwaka huu wavuvi walimwona mamba, na uongozi wa kijiji ukamwomba Yunis awaonye watu. Akaenda na sauti ile ile ya mnadani.

"Nikasema, mgeni wa heshima amefika, ana meno sabini na hajawahi kununua mswaki. Nikasema anatafuta mchumba."

Kijiji kilicheka. Watu walishuka kumtazama huyo mgeni, wasimwone, wakarejea makwao wakiamini kwamba ulikuwa mzaha. Siku ya pili yake Mbuke, mama wa watoto wawili, aliingia kwenye maji ya magotini kusuuza sare za shule. Kilichopatikana ni kitenge na ndoo.

Msibani, mbele ya waombolezaji, mume wa marehemu, Clementi, alimwuliza Yunis swali moja: "Huyo mgeni wako, mchumba amempata?"

Yunis hakwenda mnadani kwa siku arobaini.

"Sikusema uongo," anasema, macho yakiwa chini. "Nilisema kweli kwa sauti ya uongo."

Aliporudi ufukweni, bila malipo, alianza kwa kuwatisha watu, akipiga kelele kama nyumba inaungua. Siku ya nne wakamzoea. Sasa husema maneno machache: mahali, siku na la kufanya. Kisha huomba nguzo. Uzio wa kumzuia mamba mahali pa kuchotea maji unahitaji nguzo sitini. Zimeletwa kumi na tisa.

Anajua jina moja ambalo lingewagusa watu kuliko sitiari zake zote. Hajawahi kulitamka.

"Si langu. Lina mwenyewe."

Asubuhi hii, kabla wanawake hawajaondoka, Clementi anateremka na nguzo begani. Hajazungumza na Yunis tangu msiba. Anaitua kando ya mwamba.

"Shemeji," anasema, "mtaje. Ila usimpambe."

Yunis anawageukia wanawake. Kisha anainua kipaza sauti.

"Mbuke alisimama hapa. Maji yalikuwa magotini."

Bhoke anaitua ndoo yake. Hakuna anayecheka.

Yunis anataka uzio ukamilike kabla ya mvua za vuli. Nguzo sasa ni ishirini. Kesho atapanda tena mwambani kuomba ya ishirini na moja.