"De" ya Mama

Juzi dukani Buguruni niliona kopo la mafuta limeandikwa "aceite de oliva", na harufu ya jikoni kwetu ikanirudia: vitunguu, moshi wa mkaa, na mama akiniagiza, "Lete kisu ya nyama."

Mama alitoka bara, na kwake kila kitu kilikuwa "ya". Watoto wa jirani walimwigiza: "Mlango ya nyumba! Kitanda ya kamba!" Mie, niliyeogopa kukosea hata salamu, nilimsahihisha mbele yao.

Alasiri moja Mjomba Salehe, jirani aliyewahi kuwa mpishi melini, alitukalisha mimi na watoto wale barazani kwake atufundishe Kihispania.

"'De' ni 'ya'. Aceite de oliva, mafuta ya zeituni."

"Na kisu cha nyama, mjomba?" nikauliza.

"De."

"Mlango wa nyumba?"

"De hiyohiyo, mwanangu. Haibadiliki."

Leo najua Hispania ni mbali, lakini siku ile niliamini Wahispania ni ndugu zake mama. Nikakimbilia jikoni.

"Mama, kumbe unajua Kihispania!"

"Acha utani. Lete kikombe ya chai."

Nikapaza sauti mpaka barazani wasikie: "Naleta kikombe ya chai, mama!"