Ubao Wangu wa Ijumaa na Likizo ya Vugiri

Mimi sikusoma sana. Niliacha darasa la tatu nikaenda kukata mkonge Korogwe, na fedha ya mkonge ndiyo iliyoninunulia cherehani. Lakini nasema bila haya: katika kijiji chetu cha ujamaa, upande huu wa Handeni, hakuna mtu aliyenipita kwa kuandika. Waliosoma walikuwapo, tena wenye suruali za kunyooshwa kwa pasi. Ila kuandika kila wiki bila kukosa, hilo liliwashinda.

Kazi yenyewe ilikuwa gazeti la ubaoni. Ubao mweusi ulipigiliwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, mhariri na mnunuzi wa chaki. Kila Ijumaa nikitoka kuswali alfajiri, sifungui cherehani wala sinywi chai mpaka nimeandika. Naweka siku ya shamba la pamoja, bei ya pamba, mbuzi wa nani kapotea, nani kajifungua, na chini kabisa neno langu mwenyewe la kuwachoma wavivu. Mchana watu wakitoka msikitini wanakuja moja kwa moja pale. Wanakisomo, yaani akina mama na wazee waliokuwa wakijifunza kusoma jioni, wanafuata herufi kwa kidole hadi nusu ya habari zangu inafutika. Mimi nasimama pembeni, mikono nyuma, kama simjui aliyeandika.

Watu wakiniuliza, "Maneno unayapata wapi?" nawajibu kwamba maneno ni kama wateja. Yakijua duka linafunguliwa Ijumaa, yatakuja Ijumaa. Ukifungua leo na kufunga kesho, yanakwenda kwa mwingine.

Basi mwaka mmoja, Ramadhani ikielekea ukingoni, hata mimi nikaishiwa. Niliandika habari za nguruwe pori wanaomaliza mahindi, Ijumaa ya pili nikaziandika tena, na ya tatu vilevile. Mama mmoja wa kisomo akasema, "Hawa nguruwe sasa nawajua kuliko wanangu." Watu wakacheka, na mke wangu akashika hapohapo. Yeye ni Msambaa wa Vugiri, na tangu nianze ubao tulikuwa hatujala Idi kwao.

"Bwana wee, hata shamba hupumzishwa," akaniambia. "Mama yangu anauliza kama mkwewe ni mtu au ni ubao."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuaga.

"Nenda, ndugu, Idi njema," akasema. "Lakini nakwambia mapema. Ijumaa ikipita ubao mtupu, nampa mwalimu mgeni. Ameuomba siku nyingi."

Mwalimu yule alikuwa na mwandiko kama umechapwa kiwandani. Akiushika ubao, mimi mwenye darasa la tatu nitaurudishaje mkononi? Nikafika nyumbani na maneno ya kuahirisha safari yakiwa mdomoni, nikamkuta mke wangu amekwisha kufunga mizigo na kuku yumo kwenye tenga. Nikayameza. Nikaenda kuufuta ubao, tukapanda basi la Korogwe.

Vugiri ni baridi, na chakula kipo. Nililala kama mtoto mpaka ilipofika Ijumaa. Siku hiyo mkono uliamka kabla yangu. Nikakaa kibarazani naangalia ukungu, nawaza: sasa hivi mwalimu anaandika.

Siku chache baadaye, niko uani naoga, nikasikia kilio kikija kutoka njiani. Alikuwa mjomba wa mke wangu, mkazi wa Kwashemshi. Alikuwa ametoka Handeni kumsalimu bintiye.

"Pole, mwanangu," akamwambia mke wangu. "Mmemzika lini?"

"Tumemzika nani, mjomba?"

"Mumeo!"

"Mume wangu yuko uani anaoga."

Nikatokea na povu la sabuni masikioni. "Shikamoo, mjomba."

Alinishika mkono kwanza, akauminya, ndipo akasema, "Marahaba. Lakini kwenu umekwisha kugawanywa."

Kumbe basi lake lilipata pancha kijijini kwetu, akateremka, akausoma ubao. Ulikuwa umeandikwa hivi: *Tanzia. Mwandishi wetu amefia ukweni kwa kushiba. Cherehani nimechukua mimi. Matanga yataanuliwa akirudi.*

Nikajua hapohapo ni kazi ya nani. Ni Mnyamwezi niliyekata naye mkonge, akanifuata mpaka kijijini. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Anaweza kunizika mara mbili kwa siku, nami sina ruhusa ya kununa.

"Narudi leo," nikasema. "Ubao umeshachukuliwa!"

Mke wangu alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Maiti haina haraka. Kaa ule."

Nyuma ya mlango nikamsikia mama mkwe naye akicheka. Basi nikakaa, nikala, hata nikanenepa kidogo.

Tuliporudi nilikwenda ofisini kabla ya kufungua mizigo. Tanzia ilikuwa palepale, herufi za Mnyamwezi zimelala upande kama mtama uliopigwa na upepo. Nikamuuliza mwenyekiti, "Mwalimu je?"

"Alikuja na chaki zake Ijumaa ya kwanza," akasema. "Akakuta msiba. Akaniuliza, nifute? Nikamwambia, mwalimu, kwenu tanzia inafutwa kabla ya kuanua matanga? Akasema hapana. Ijumaa ya pili akaja tena, matanga bado. Akaenda zake."

Nilipofika nyumbani, mtani wangu alikuwa amekaa juu ya kiti changu cha cherehani. "Mzigua, umefufuka? Mali hii haitoki bure."

"Mwizi wa maiti wewe! Unataka nini?"

"Jogoo. Na asiwe mgonjwa kama wewe."

Nikatoa jogoo, nikakomboa cherehani na ubao, tukamla pamoja, mwenyekiti akiwa shahidi wa mapaja. Ijumaa ile niliandika mpaka pembeni mwa ubao. Maneno yalikuwa yanasukumana.

Tangu hapo kila Idi nakwenda Vugiri bila wasiwasi. Mimi nafunga mizigo, mtani wangu ananoa chaki. Nimekwisha kufa kwa maharage, kwa usingizi, na mwaka jana kwa kumwogopa mke wangu.