Maziwa ya Mwenyekiti

Kornelia ndiye aliyekuwa maabara nzima ya kituo cha maziwa Nambambo: mpimaji, mwosha chupa na mshika ufunguo. Kila mwezi mashine yake ilitakiwa kupimishwa maziwa ya rejea kutoka Dar es Salaam, yenye kiasi cha mafuta kilichoandikwa kwenye chupa, ili ijulikane kama inasema kweli au inabahatisha.

Mwezi huo basi lilikwama njiani siku mbili, chupa zikafika zimekuwa mtindi. Kornelia akaomba nyingine. Kamati ya ushirika ikakaa, ikanywa soda, ikaona hakuna haja.

"Ng'ombe wangu anajulikana wilaya nzima," alisema mwenyekiti, Mzee Ausi. "Maziwa yake ndiyo yawe rejea."

"Mzee, hatujui yana mafuta kiasi gani."

"Andika asilimia nne. Azimio limepita."

Kornelia akaandika, akairekebisha mashine ifuate. Asubuhi iliyofuata Bi Hajra, ambaye ng'ombe wake hula mabua tu, akapata asilimia nane. Akakitazama kikaratasi, akamtazama Kornelia.

"Mwanangu, haya ni maziwa au samli?"

Kamati ikaandika ripoti ya mafanikio, na Mzee Ausi akapewa cheti cha mfugaji bora. Kornelia alitia saini kila ukurasa, na kila saini ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Baada ya wiki mbili, mnunuzi wa Ruangwa alirudisha mzigo: mafuta yaliyoandikwa hayakuonekana. Kornelia hakuomba ruhusa. Alipanda bodaboda hadi Ruangwa, akaazima kwa mnunuzi huyo chupa mbili za rejea halisi, akarudi nazo zikiwa kwenye ndoo ya barafu na kuisahihisha mashine. Bi Hajra akashuka hadi nne. Mzee Ausi akapata mbili.

"Yametiwa maji, mzee," Kornelia alisema taratibu, foleni nzima ikisikia.

Mzee Ausi aliigeuzageuza chupa ya rejea. "Haya ni ya ng'ombe wa mbali. Hayajazoea hali ya hewa yetu."

Kesho yake kamati ikaazimia maziwa ya rejea yaandikiwe barua ya onyo. Kornelia akaagizwa kuichapa. Aliichapa bila kosa, akaigonga muhuri, akafungua dirisha la mapokezi na kuanza kupima. Mashine aliiacha vilevile alivyoisahihisha, maana azimio halikusema lolote kuhusu mashine.