Maua ya Ndevu ya Mama Kigen

Kama kuna mtu Yamumbi aliyejua kupamba madhabahu, alikuwa Seline Apondi, mama yake Javan. Alikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa bibi harusi, akashona sare za shule mpaka macho yakachoka, lakini fahari yake haikuwa cherehani. Fahari yake ilikuwa maua ya kanisani. Miaka nenda miaka rudi, hakuna mkono mwingine ulioyagusa.

Halafu jirani yake Jeruto, ambaye wote humwita Mama Kigen, akaleta maua yaitwayo airisi. Zambarau iliyokolea, petali zinaning'inia, na juu ya kila moja kuna ndevu za manjano. Watu wakayaita maua ya ndevu. Pasta aliyasifu kabla hata hajafungua Biblia, na haukupita muda akina mama wakakata shauri kwamba Pasaka ijayo madhabahu ipambwe na Mama Kigen. Seline alipiga makofi pamoja na wengine, akaenda nyumbani, akakataa chakula. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Si kwamba Jeruto alikuwa mchoyo. Alikuwa amemgawia Seline vipande vya mizizi, vinene kama tangawizi, kutoka shina lile lile. Seline akavipanda jinsi watu wa huku wanavyopanda viazi: shimo la maana, samadi tele, na kila vikichungulia anavipandishia udongo. Akapata majani marefu ya kupendeza. Ua hata moja la dawa, hakuna. Akaamini kabisa kwamba Mama Kigen alimpa mizizi tasa makusudi.

Kiangazi kilipoanza, binti yake Jeruto alijifungua Iten, na Jeruto akaenda kumlea mzazi. Ufunguo wa geti alimwachia nani? Seline. Fisi akakabidhiwa bucha.

Seline aliingia na kisu. Kung'oa aliogopa, kungeonekana. Basi akaondoa nyasi kavu zote zilizofunika mizizi, akakwangua udongo mpaka mizizi ikabaki uchi, mgongo juu, ili jua liikaange. Maji hakumwagia hata tone. Dhamiri ilimchoma, sikatai, lakini roho ya wivu haina masikio, na siku hiyo alirudi nyumbani akala vizuri.

Jeruto alirudi na mvua za kwanza. Na maua yakachanua kuliko yalivyowahi kuchanua, kila shina na lake, mengine mawili matatu. Siku ya Pasaka madhabahu haikuonekana kwa zambarau. Jeruto akamsimamisha Seline mbele ya kanisa zima, akasema mikono iliyoyalea maua yale ni ya Mama Javan. Yeye mwenyewe, alisema, hakujua kwamba airisi hutaka jua mgongoni. Jirani yake ndiye aliyemfundisha. Kanisa likapiga makofi. Seline alitamani ardhi ipasuke immeze, na hata hapo, katikati ya aibu yake, aliyatazama maua yale na akayaonea wivu.

Yangeishia hapo, angeshukuru Mungu. Lakini Jumamosi Jeruto akapiga hodi. Alitaka kuona ya mwalimu wake, maana kama yangu yamekuwa vile, alisema, yako yatakuwaje?

Hapakuwa na kisingizio cha kumzuia, akampeleka bustanini. Jeruto akasimama mbele ya matuta, majani matupu. Akachuchumaa, akachimba kwa vidole mpaka akaupata mzizi huko chini, umelowa samadi, umeanza kuoza.

"Yangu uliyafukua," alisema polepole. "Mbona yako umeyazika?"

Seline akakiri.

"Yako nilitaka yafe, Mama Kigen."

Jeruto alipangusa vidole kwenye leso, akatazama upande wa pili wa ua, kule kwake, kulikokuwa na zambarau tupu. Kisha akachukua kijembe kilichoegemea ukuta, akamwekea Seline mkononi.

"Basi haya pia," alisema, "yachukie kidogo."