Kibao Kilichokwama kwenye Herufi ya Mwisho

Kosa langu la kwanza kazini, mwanangu, lilikuwa kumngojesha mtu mzima herufi moja tangu Jumatano hadi Jumapili. Nikilikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto.

Nilikuwa kijana wa Makadara, mchoraji wa vibao vya biashara. Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada, nilichokipata sokoni Gikomba kwa muuza vitabu vikuukuu, nikakishika kama katekisimu. Aliyejifunza peke yake huogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa njaa.

Jirani yetu, Fundi Mutua, alikuwa ameacha kazi ya kiwandani akafungua kibanda cha kutengeneza antena za televisheni kwa mabomba ya alumini. Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea mwisho. Watu wa Buruburu walikuwa wakinunua televisheni, na Jumapili hiyo mashindano makubwa ya kandanda yangeanza kuonyeshwa. Asipouza wiki hiyo, Mutua angerudi kumpigia magoti msimamizi aliyeachana naye kwa maneno makali. Jumatano akaniletea ubao.

"Andika Kiingereza, wateja wangu ni makarani. Jumamosi asubuhi kiwe juu."

Nikachora TV ANTENNA kwa rangi nyekundu, herufi zikasimama kama askari wa gwaride. Kisha brashi ikagoma. Antena zenyewe zilikuwa nyingi. Je, niongeze S au E? Kitabu changu kilisema maneno ya Kilatini ya jinsia ya kike, yale yanayoishia kwa A, wingi wake ni AE: formula huwa formulae, larva huwa larvae. Lakini gazeti nalo liliandika formulas bila haya. Nani mwongo?

Alhamisi nikaenda Jericho kwa mwalimu mmoja. Akasema AE ni ya zile pembe za mende, ambazo Kiingereza huziita antenna pia. Ya televisheni ni S.

"Una hakika, mwalimu?"

Akakuna kidevu. Swali hilo, mwanangu, ndilo lililokuwa ugonjwa wangu. Nililirudia mpaka mwalimu wa watu akapoteza hata uhakika aliokuwa nao.

Ijumaa nikatembea hadi Pumwani kwa padre mzee aliyesoma Kilatini. Uso ukamng'aa.

"Antenna! Kwa Warumi huo ulikuwa mti wa kufungia tanga la meli. Fundi wako anauza meli?"

"Hapana, padre. Mabomba."

"Basi Warumi hawatanunua. Andika upendavyo."

Mwingine angecheka akaenda zake. Mimi nilirudi nyumbani na shaka ya tatu.

Jumamosi ikafika kibao kikiwa chini ya kitanda changu. Nikamdanganya Mutua kwamba rangi haijakauka. Makarani wakapita kibandani wakiyatazama yale mabomba, na mmoja akauliza, "Mzee, hivi ni vya kuchomea samaki?" Mke wa Mutua, Mama Mwende, akasimama kando ya barabara akaita wateja mpaka sauti ikamkauka. Wengi wakaishia Makongeni, kwa fundi mwingine aliyeandika ukutani kwa makaa: TIVI INAONA HAPA. Kiingereza hakuna, ila foleni ilizunguka nyumba.

Jumapili asubuhi Mutua akaja mwenyewe, mkewe nyuma yake. Akakivuta kibao, akagusa rangi kwa kidole. Kavu kama mfupa. Nikamweleza yote, mende na Warumi, huku nikingoja kofi. Badala yake akaketi kitandani.

"Kijana, ulikuwa unaandika kibao changu ama unafanya mtihani wako?"

Akakigeuza kibao kinielekee.

"Hapa umeandika nini?"

"TV antenna, mzee."

"Ngapi?"

"Moja."

"Na nani alikuambia mtu hununua mbili? Nyumba yake ina mapaa mangapi?"

Mama Mwende akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Wakakitundika hivyo hivyo. Kabla mpira haujaanza, antena zote zilikuwa zimeuzwa isipokuwa moja iliyopinda, na Mutua hakurudi kiwandani. Lakini wateja wa Jumamosi walikuwa wamekwenda, na wiki nzima Mama Mwende alinisalimu kwa kunong'ona. Kila mnong'ono ulinichoma.

Mwanangu, wazee walisema kawia ufike. Hawakusema uwakawize wenzako wasifike. Usahihi ni adabu ukimfaa mwenye kazi. Ukimchelewesha ili wewe usichekwe, hiyo ni hofu tu iliyovaa tai. Ukikwama, sema umekwama, siku ile ile, na umwulize anataka nini, usiisingizie rangi. Kosa dogo husahihishwa, lakini siku ya soko iliyopita hairudishwi na kamusi.

Mungu akupe jicho la kuona kosa, akupe na mkono wa kumaliza kazi. Akuzungushie watu wa kukukemea bila kukuvunja.

Mimi wasiwasi haujaniisha. Lakini tangu mwaka ule, kazi niliyoahidi Jumamosi mwenyewe huipata Jumamosi.