Kutoka Susuni Kwenda Kunyooshwa Mgongo Mugumu

Mgongo ulianza kuniuma msimu wa kushona sare za shule, na kila aliyeingia kibandani kwangu alikuwa na jibu moja: cherehani. Mimi ni fundi wa nguo hapa Susuni, wilaya ya Tarime, mwaka wa kumi na nne sasa, kwa hiyo hata mimi niliamini. Nilibadilisha kiti, nikafunga kanga kiunoni, nikanywa dawa za maumivu hadi tumbo likachoka. Maumivu hayakuondoka. Yalikaa katikati ya mgongo, mahali pamoja, kama mtu ameweka kidole cha moto hapo na kusahau kukitoa. Mwezi wa nne mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikikanyaga pedali ya cherehani, sijui kama nimeikanyaga.

Hapo ndipo mteja wangu Masunga, Msukuma anayechimba dhahabu upande wa Nyamongo, alipokuja kuchukua ovaroli zake akanikuta nimeshika ukuta.

"Dada Ghati, nenda Mugumu," akaniambia. "Kuna daktari wa mgongo pale. Mimi nilipelekwa nimebebwa, nikarudi natembea. Anakulaza kifudifudi, anakubana, unasikia ko! Basi, kwisha."

Hiyo "ko!" ilininyima usingizi wiki nzima. Jirani yetu mmoja alivutwa mgongo na mkandaji wa kienyeji, na tangu siku ile anatoka nje kwa kubebwa. Nilimwaza yeye. Niliwaza pia watoto wangu watatu, nani atawashonea, nani atawapikia. Lakini asubuhi moja nilipoanguka nikitoka kitandani, mume wangu alisema hakuna cha kungoja. Yeye angebaki na watoto na ng'ombe. Dada yake mkubwa, wifi yangu Bhoke, angenisindikiza.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Susuni kwa pikipiki mbili. Nilimwomba dereva wangu aende polepole, naye alijitahidi, lakini kila jiwe la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kile kidole cha moto. Njia nzima nilikuwa nachezesha vidole vya mguu ndani ya kiatu kuhakikisha bado vipo. Vya kulia vilijibu. Vya kushoto nilivibahatisha.

Tarime mjini tulifika saa mbili kasoro. Bhoke, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alikwenda stendi akanitafutia kiti cha mbele kwenye gari dogo la Mugumu, akakitandika blanketi, kisha akamwinamia dereva.

"Mura, kijana wangu, huyu ni mgonjwa. Ukiona shimo, liheshimu."

"Shikamoo mama. Barabara hii nikiheshimu kila shimo, tutafika kesho."

"Marahaba. Basi tutafika kesho."

Hatukufika kesho, lakini alienda taratibu kweli. Tulipita migomba ya Nyamwaga, halafu Nyamongo na vilima vyake vya mawe ya mgodi. Baada ya daraja la Mto Mara nchi ikafunguka, nyasi na mbuga hadi macho yanachoka. Siku nyingine ningefurahi kuona nchi ile. Siku hiyo niliitazama kama mtu anayeaga. Nilijisemea: ukirudi hapa umelazwa kiti cha nyuma, utakumbuka ulipita umekaa.

Saa sita mchana tuliingia Mugumu. Kliniki ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, na kibao kilichoandikwa kuwa hapo wanatibu uti wa mgongo kwa mikono. Tulikuta wagonjwa wanne kwenye benchi. Kutoka ndani nilisikia mwanamume akiguna, kisha ile sauti, ko!, kisha kimya. Mlango ulipofunguliwa, mwanamume yule alitoka akicheka na kujishika kiuno, akatuaga wote.

"Umeona?" Bhoke akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeona, lakini nilimwomba aingie ndani pamoja nami.

Daktari alikuwa mtu mfupi wa makamo, sauti yake ya chini. Nilitegemea anilaze mara moja. Badala yake alikaa na kuuliza. Maumivu yanapungua nikilala? Hayapungui. Jioni napata homa? Kidogo, nikasema, lakini ni malaria tu. Usiku natoka jasho? Shuka linalowa.

"Umepungua uzito?"

"Sijui daktari, sina mizani."

Bhoke akaingilia. "Amepunguza nguo zake mara mbili tangu Krismasi. Anazipunguza mwenyewe, anadhani hatumwoni."

Daktari aliacha kuandika. Aliniambia nigeuke, akagonga uti wa mgongo wangu kwa ncha za vidole, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayebisha hodi. Alipofika katikati nilipiga kelele. Akapapasa hapo kwa kidole kimoja, taratibu sana, akarudi kukaa.

"Mama, sitakunyoosha."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nimetoka Susuni, daktari. Nimetoka na giza."

"Najua. Lakini mgongo huu sio wa kunyoosha. Kuna kanundu hapo, na homa yako, na jasho, na mwili unaokwisha. Naogopa ni kifua kikuu."

"Mimi sikohoi!"

"Kinaweza kukaa kwenye mfupa bila kukohoa. Nikikubana leo ninaweza kukuvunja. Nenda hospitali sasa hivi, nitakuandikia barua."

Nilitoka mle nina hasira kuliko hofu. Nilimwambia Bhoke kwamba mtu yule ameshindwa kazi yake, anatafuta pa kunitupa. Yeye alinishika mkono akasimamisha bajaji. Hospitali walinipiga picha, wakachukua damu na makohozi, wakasema majibu hayatakuwa tayari siku hiyo.

Jioni tulikwenda kulala Manchira, karibu na bwawa, kwa Mama Nyangi, mjane anayesali kanisa moja na ndugu wa Bhoke. Alitupokea vizuri, akatuwekea sinia la ugali na samaki. Mikono yote ikaingia isipokuwa wangu.

"Mgeni, mbona huli? Samaki wangu wana nini?"

Ningeweza kusema sina njaa. Lakini wajukuu zake wawili walikuwa wamekaa mkabala nami, midomo imejaa. "Mama," nikasema, "leo nimeambiwa huenda nina kifua kikuu. Naomba nile peke yangu. Na kama hutaki nilale hapa, sitakasirika."

Mama Nyangi aliinuka. Nikajua anakwenda kufungua mlango, tuondoke. Alifungua dirisha. Aliwahamishia wajukuu chumba kingine, akarudi na sahani safi, akanimegea ugali na kipande kikubwa cha samaki, kisha akavuta kigoda chake akakaa karibu nami.

"Sahani yako ni hii," akasema. "Na mimi nakaa hapa. Kula."

Nilikula nikilia. Sikuwa nimelia tangu ugonjwa uanze.

Siku ya tatu hospitali walituita. Daktari kijana aliiinua picha kwenye mwanga. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa pembeni; ni kifua kikuu cha mfupa kweli. Alisema kwenye makohozi hawakuona kitu, kwa hiyo sikuwa hatari kwa nyumba ya Mama Nyangi, lakini watoto wangu wapimwe pia. Dawa ni za bure, ningeendelea kuzichukua Tarime, mwaka mzima bila kuruka hata siku. Nilimuuliza ingekuwaje kama ningenyooshwa.

"Huo mgongo?" akasema. Alitazama miguu yangu, kisha akashusha picha bila kumaliza.

Kabla ya kuondoka Mugumu nilitaka kupita kliniki kumshukuru daktari wa mgongo. Tulikuta foleni ndefu. Nilimsalimia mlangoni tu, nikamwonyesha barua ya hospitali. Aliisoma, akanipa mkono, akamwita mgonjwa anayefuata.

Tulirudi kwa njia ileile. Sikuwa nimepona, na mashimo yalikuwa yaleyale, lakini sasa nilijua ninachokiogopa kinaitwaje.

Sasa ni mwezi wa nane wa dawa. Ganzi imeondoka mguuni, nashona nusu siku. Watoto wamepimwa, wako salama. Watu husikia habari zangu na kuja kuuliza kama yule daktari anafaa. Mwezi uliopita alikuja mzee Marwa kutoka Nyanungu, kiuno kimemkamata tangu ainue gunia la mahindi. Nilimuuliza yote niliyoulizwa mimi: homa, jasho, mwili kukonda, maumivu kukataa kupumzika. Hakuwa na hata moja.

"Basi nenda, mzee wangu," nikamwambia. "Wewe atakunyoosha."

Wiki mbili baadaye alipita hapa kibandani, ametembea kwa miguu kutoka mnadani, amenyooka. Nilimwonea wivu, siwezi kudanganya. Nikamkaribisha kiti, akasema hapana, anapenda kusimama. Nikachota maji kwenye kikombe, nikameza vidonge vyangu vya siku hiyo.