Bi Hajira na Dada wa Bustani

Bi Hajira alilima mihogo Masaki, Kisarawe, tangu alipoolewa mpaka kiharusi kilipomwangusha. Upande wa kulia ulipooza, ulimi ukawa mzito. Binti yake, Shamsia, akamchukua kwake Tumbi ili awe karibu na hospitali.

Huko alishinda mbele ya televisheni, hataki kuonana na mtu. Kipindi kimoja tu kilimfanya ainue kichwa: kile cha bustani cha Jumamosi, alichokiongoza dada mmoja, Stellamaris.

Mkwewe, Castory, hakumpenda mtangazaji huyo. "Muone, eti analima na kucha zimepakwa rangi! Bustani ile analimiwa, yeye anakuja kupigwa picha tu."

"Lakini anaeleza vizuri," Shamsia alimtetea. "Yule wa zamani alikuwa anafoka kama yuko kwenye gwaride."

Siku Stellamaris alipoonyesha kupanda mchicha kwenye ndoo mbovu, Bi Hajira alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea uani. Shamsia akaelewa, akaleta ndoo ya udongo. Mama aliuzamisha mkono uliopooza humo, akavikunja vidole kwa mkono wa pili, kimoja kimoja. Kesho yake akaitaka tena ndoo. Baadaye vidole vilipoanza kujikunja vyenyewe, mtaalamu wa mazoezi hospitalini aliwaambia waendelee hivyo hivyo.

Jumamosi moja Stellamaris akawaonyesha watazamaji bustani ya nyumbani kwake. Nyanya zote zilikuwa zimenyauka.

"Zangu zimekufa," alisema, "na sijui kwa nini."

Kwenye ukurasa wa kipindi watu wakamshukia: asiyejua kulima asifundishe wenzake! Castory akawa anayasoma maoni yale kwa sauti huku akicheka.

"Nipe simu," Bi Hajira alisema.

Wote wakageuka. Tangu augue, hakuwahi kutamka jambo likaeleweka namna ile. Shamsia akaanza kumrekodi, na mama akasema polepole, maneno yakikwama:

"Mwanangu Stellamaris... mie Hajira. Hata mie mihogo yangu... iliwahi kuozea shambani. Hukuficha. Umefanya vyema. Mie nimeshika udongo tena... kwa sababu yako. Ahsante, mwanangu."

Shamsia akaituma kwenye ukurasa wa kipindi. Kipindi kilichofuata, sauti ile ilirushwa hewani. Stellamaris alifuta machozi. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Bi Hajira akaijibu televisheni.

Castory akamgeukia, akauliza, "Mama, na sisi nyanya tuzipande upande gani?"

Masika yalipokwisha, Bi Hajira alirudi Masaki akitembea kwa mkongojo. Shamba sasa analilima mdogo wake, Shabani. Yeye ana vitalu vyake nyuma ya nyumba. Jumamosi huenda kwa jirani yake, Sada, kutazama kipindi na wanawake wenzake. Wakianza kumsema Stellamaris na kucha zake, Bi Hajira huwaacha waseme, halafu humwomba Sada aongeze sauti.